Gugu maji lamboni: litoe bila sumu, bila kichocho

Lina ua zuri la zambarau. Ndiyo maana wengine hulibeba kutoka ziwani na kulitupia lamboni, eti lipendezeshe. Usidanganyike! Asili ya gugu maji ni Amerika ya Kusini. Upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, baadaye likaziba mialo na njia za mitumbwi. Penye joto na samadi nyingi huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi.

Kwetu Malampaka lambo ni la wote. Ng'ombe wanakunywa humo, dada anachota humo, wadogo zetu wanaogelea humo humo. Gugu likitanda, maji hukosa hewa na samaki hufa. Konokono wanaoeneza kichocho nao hupata chakula na maficho.

Kwa nini tusimwage dawa?

Kwa sababu maji hayo tunayatumia. Tena gugu lililouawa kwa dawa huzama, likaoza na kumaliza hewa iliyobaki majini.

Tufanyeje?

1. Anzeni kabla halijatoa maua. Mbegu zikizama kwenye tope huweza kukaa zaidi ya miaka 10, kisha zikaota.

2. Msiingie majini! Vijidudu vya kichocho hupenya kwenye ngozi. Fungeni madumu matupu kwenye kamba ndefu. Mmoja ashike ncha ya ng'ambo hii, mwingine ile, waikokote taratibu mpaka magugu yakusanyike ukingoni. Kisha vuteni kwa reki yenye mpini mrefu, mkiwa mmevaa mabuti ya mpira.

3. Yaanikeni mbali, mahali ambapo mvua haitayarudisha lamboni. Yakikauka, yafanyeni mboji.

4. Punguzeni samadi. Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika nje ya lambo, na majani ya ukingoni yaachwe yachuje maji ya mvua.

5. Rudieni kila wiki. Shina moja likibaki, kazi inaanza upya.

Je, wale wadudu?

Ni kweli, katika miaka ya 1990 mbawakavu wanaokula gugu maji waliachiwa katika Ziwa Victoria, wakasaidia kulipunguza sana. Lakini huchukua miaka, na kuwaachia ni kazi ya wataalamu. Kwa lambo dogo, mikono yenu inatosha.

Ukiona damu kwenye mkojo

Wapo vijana wanaodhani kukojoa damu ni dalili ya kubalehe. Siyo! Inaweza kuwa kichocho. Kwa wasichana huweza pia kuleta vidonda ukeni, watu wakadhani ni ugonjwa wa zinaa na kumsema vibaya bure. Usione haya, nenda kituo cha afya upimwe. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na kipimo chake hutolewa na mhudumu.

Haya vijana, kamba na madumu si gharama. Kaeni na mwenyekiti wa kijiji, mpange siku!