Miguu Inapokataa Baada ya Homa

Mtu anaweza kuugua mafua au kuhara kwa siku chache, akapona, akarudi zake darasani. Wiki moja au mbili baadaye anasikia ganzi kwenye nyayo, kama sisimizi wanamtambaa. Kesho yake magoti yanalegea. Kesho kutwa hawezi kuinuka kitini. Hapo watu huanza kunong'ona ati amerogwa!

La hasha! Huo ni ugonjwa wa Guillain-Barré. Uliitwa hivyo kwa sababu ya madaktari wawili Wafaransa ambao, pamoja na mwenzao Strohl, waliueleza mwaka wa 1916 baada ya kuwachunguza wanajeshi wawili.

Je, hutokeaje? Neva ni kama waya wa stima. Ndani mna uzi unaopeleka amri kwenye misuli, na nje mna utando unaoukinga, mfano wa ile plastiki ya waya. Virusi vikiingia mwilini, kinga yetu hutoa askari wa kupigana navyo. Mara chache sana askari hao hukosea adui, wakaushambulia utando wa neva. Basi amri hazifiki, na misuli hulala. Virusi vya Zika, vilivyogunduliwa mwaka wa 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, vilileta balaa hili visiwani French Polynesia mwaka wa 2013 na 2014.

Hatari ni kwamba udhaifu huu hupanda kutoka miguuni. Ukifika kifuani, pumzi hukatika. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne huhitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Kwa hivyo akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo! Huko atatiwa dawa ya kingamwili mshipani, au damu yake isafishwe. Matibabu haya hufaa zaidi katika wiki mbili za kwanza. Siku zilizopotea kwa mganga hazirudi.

Kupona nako kunataka subira. Utando hujirekebisha kwa wiki au miezi. Lakini uzi wa ndani ukiharibika, huota upya kama milimita 1 tu kwa siku. Hebu piga hesabu: kutoka gotini hadi kidoleni, sentimita 40, ni siku 400!

Wakati huo wote viungo visiachwe vikakakamaa. Kwanza mgonjwa hukunjwa na kunyooshwa na wengine, kisha hujifunza kuketi, kusimama, na kutembea akijishika. Asijikaze kupita kiasi, maana misuli dhaifu huchoka upesi. Baada ya miezi sita, karibu wanane kati ya kumi hutembea bila msaada, ingawa uchovu huweza kubaki.

Ndugu mwanafunzi, mwenzako akirudi shuleni na mikongojo, usimcheke wala usimwite mvivu. Ugonjwa wake hauambukizi. Mbebee mkoba, mwazime daftari, na mwende naye kwa mwendo wake. Polepole ndio mwendo.