Bakuli la mti lisipasuke

Wamama, wakati huu wa kiangazi malalamiko ni yale yale: bakuli la mti linanunuliwa zuri, na siku chache baadaye lina ufa. Tunasema mti ulikuwa mbaya. Mara nyingi mti ni mzuri. Ulikaushwa haraka mno.

Mti mbichi umejaa maji. Hapa Lubumbashi, toka Mei mpaka Septemba, mvua ni haba na upepo mkavu unayavuta maji hayo kwa nguvu. Nje kunakauka na kusinyaa, ndani bado kumelowa. Nje kunabana, ndani kunakataa. Ndipo mti unapasuka. Maji yanatoka upesi zaidi kwenye ncha zilizokatwa, na nyufa zinaanzia pale.

Kwa hiyo, mwembe au mwavokado ukiangushwa kwenye parseli, usiende wote kwenye makala. Tufanye hivi:

1. Siku ile ile, tupake ncha za gogo rangi au nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Likae kivulini, juu ya matofali.

2. Fundi apasue gogo katikati na kuondoa kiini. Bakuli lenye kiini ndani ni vigumu lipone.

3. Achonge mara ya kwanza na kuliacha nene, sawasawa kila upande. Bakuli la upana wa sentimita 30 libaki na unene wa sentimita 3.

4. Tuliweke ndani ya mfuko wa karatasi au gunia pamoja na maranda makavu, mbali na jua na mbabula. Maranda yakiota ukungu, tuyabadilishe.

5. Kila juma tulipime kwenye mizani na kuandika uzito. Uzito ukiacha kushuka, limekauka. Litakuwa limepinda kidogo. Sasa fundi alimalize.

Kazi hii inaomba miezi. Fundi peke yake anatafuta bukari ya leo, hawezi kungoja; ndiyo sababu anauza mbichi. Kikundi kinaweza. Tununue kwake bakuli zilizochongwa mara ya kwanza, tuzikaushe sisi, kisha tumlipe tena azimalize. Yeye anapata pesa mara mbili, sisi tunauza kitu ambacho mnunuzi hatakirudisha.

Misitu ya kando ya mji inakwisha kwa makala. Kila bakuli lililopasuka linaishia kwenye mbabula, na mti mwingine unakatwa kwa ajili yake.