Fungate Yetu katika Milima ya Andes

Ada ya wazee wetu wa Mombasa ni kuwa fungate hukaliwa ndani, siku saba, na maharusi hawaonekani njiani. Siku hizo saba tulizikaa kwa kuwaridhisha wazee, ndipo tukafunga safari ya Peru, katika Amerika ya Kusini. Shangazi alituuliza, "Huko mna nani?" Hatukuwa na mtu.

Tulishukia Lima, mji wa pwani ulioasisiwa na Wahispania mwaka 1535. Katika mitaa yake ya kale kuna roshani za mbao zenye kimia, aliye ndani humwona wa nje naye asionekane. Tulidhani tumerudi nyumbani. Wala si ajabu, kwani Waislamu walikaa Andalusi karibu karne nane, hata Granada ilipoanguka mwaka 1492, na mafundi wa Kihispania walirithi mengi katika kazi zao. Tena tuliambiwa kuwa zamani, hata karne ya 19, wanawake wa Lima walikuwa wakijifunika shela kichwa na uso, wakabakisha jicho moja tu. Watawala walilipiga marufuku vazi hilo mara kadhaa, wasisikilizwe. Bibi harusi alicheka: "Kumbe buibui lilifika hata huku!" Hatusemi kuwa ilikuwa stara ya dini, yasemekana wengi walipenda kutembea wasijulikane.

Kutoka Lima tuliruka kwa ndege muda wa saa moja na kitu, tukatua Cusco, mji mkuu wa kale wa Wainka, ulio mita 3,400 juu ya bahari. Hapo ndipo tulipokosea. Mwenye nyumba ya wageni alitusihi tulale siku ile. Bibi naye akasema, "Bwana, tupumzike." Bwana harusi hakukubali, kwani tiketi za Machu Picchu zilikuwa za kesho yake, nazo huuzwa kwa siku maalumu. Basi tukapanda mlimani kutazama kuta za Sacsayhuamán, mawe makubwa yaliyoshikamana bila chokaa.

Usiku bibi aliumwa kichwa, akatapika, pumzi zikawa fupi. Alfajiri hakuweza kusimama kusali, akasali ameketi. Daktari alitueleza kuwa hewa ya Cusco ni nyepesi, mtu hupata kwa kila pumzi kama theluthi mbili tu ya oksijeni aipatayo pwani, na mwili wataka siku kadhaa kuizoea. Anayezidi kupanda hali anaumwa huweza kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, akafa. Dawa kubwa ni kushuka.

Tukashuka bonde la Urubamba, chini kwa mita 500 na zaidi. Garini bwana harusi aliomba radhi. Bibi hakujibu hata tulipofika mtoni, kisha akaomba chai. Siku ya pili alikula, alhamdulillahi. Tiketi zilipotea, tukanunua nyingine.

Machu Picchu, mji wa Wainka wa karne ya 15, uko mita 2,430 tu, chini kuliko Cusco, ingawa wengi hudhani kinyume. Hiram Bingham aliutangaza duniani mwaka 1911, lakini wakulima wa pale walikuwa wakiujua. Ngazi zake ni nyingi mno. Bibi alitangulia, akafika juu, akaketi juu ya jiwe akimtazama bwana anayehema.

"Polepole, bwana," akasema. "Leo hatuna haraka."