Chatu Aliyesusia Chakula

Sisi watu wa pwani tukisikia neno nyoka, jambo la kwanza ni kutafuta fimbo. Nami nilikuwa hivyo hivyo hadi nilipokwenda Birmingham, Uingereza, kumzuru dada yangu, nikamkuta mpwa wangu wa miaka 16 amefuga chatu chumbani mwake ndani ya sanduku la kioo. La haula! Nikauliza mimi nitalala wapi.

"Usiogope, mjomba," akaniambia. "Huyu hana sumu, tena ni mwoga kuliko wewe."

Na kweli chatu hana sumu. Huyu ni wa aina ndogo ya Afrika Magharibi, Ghana, Togo na Benin, ambaye kwa kawaida hazidi mita moja na nusu. Si kama chatu wa kwetu anayemeza swala. Akiogopa hujikunja akawa duara, kichwa akakificha katikati, na ndiyo maana kwa Kiingereza akapewa jina la mpira. Kwao kumfuga si kosa. Kwetu Kenya, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu bila ya kibali, kwa hivyo tafadhali usije ukaniponza.

Basi jamaa hawa walikuwa wamehamia nyumba ile wiki tatu kabla sijafika, na tangu siku ya kuhama chatu hakutia kitu kinywani. Dada, ambaye tangu awali alikubali shingo upande, alikuwa amekwisha kata shauri: mwezi ukiisha hajala, arudishwe dukani. "Sitaki kiumbe afe njaa nyumbani mwangu," alisema.

Kijana alikosa raha. Mtaa ule mpya hakuwa na rafiki hata mmoja, na kila akirudi shuleni humtoa nyoka wake, akampakata, akampapasa, kisha akamwekea panya. (Panya hao hununuliwa wamekufa na kugandishwa, nao walikuwa na friji yao, maana dada hakutaka hata kuwasikia karibu na nyama yake.)

Tukaenda kwa muuza duka. Alituhoji kama tabibu: sanduku liko wapi? Joto ni kiasi gani? Anajificha wapi? Hapo ndipo aibu ilipotupata. Sanduku lilikuwa karibu na mlango, watu wakipita kutwa, na katika hekaheka za kuhama pango lake moja lilikuwa limevunjika, likabaki lile la upande wa baridi.

Mzee yule akatueleza kwamba nyoka hana joto lake mwenyewe. Bila ya joto la nje tumbo lake halisagi chakula. Upande mmoja wa sanduku uwe na digrii kama 32, wa pili kama 25, na kila upande uwe na pango la kumbana vizuri, ili asilazimike kuchagua baina ya joto na usalama wake. Chatu mzima mwenye afya aweza kukaa miezi bila kula; la kuangalia ni uzito, ukishuka sana apelekwe kwa daktari wa wanyama. Kisha akamgeukia kijana: "Na wewe, usimguse."

Hilo ndilo lililomwuma. Tulihamisha sanduku pembeni, tukaongeza pango, na dada mwenyewe, bila kuambiwa, akaleta leso kuukuu ya kufunika kioo pande tatu. Siku zile mpwa wangu alikaa kitandani mikono mapajani, akitazama pango lisilotoa kitu. Maji tu ndiyo aliyobadilisha. Mara mbili nilimkuta amenyoosha mkono, akaurudisha.

Usiku wa tisa akampasha panya kwa maji ya moto, akazima taa, akamning'iniza kwa koleo mbele ya pango. Tukangoja. Ulimi ukatoka, ukaingia, ukatoka tena. Ghafla, pa! Mimi nilirukia mlangoni, sikufichi. Niliporudi, chatu alikuwa amemzongomeza panya, naye kijana analia bila sauti.

"Simtoi tena mpaka siku mbili zipite, mjomba," akaninong'oneza. "Asije akatapika."

Dada akaita kutoka ngazini: "Amekula?"

"Amekula, mama."

"Haya, kaoshe mikono kabla hujashika kitu."