Mikate leo, mbio Jumatatu: kwa nini mazoezi hayaanzi Isangi na Kisangani

KISANGANI – Saa kumi na mbili asubuhi, mambo mawili hutokea kwa pamoja katika mitaa ya Mangobo, Tshopo na Kabondo. Vijana hupita wakikimbia kwa vikundi, wakiimba ili wasihisi uchovu. Na kando ya barabara hiyo hiyo, mama wa mtaa anadondosha donge la kwanza la unga kwenye mafuta yanayochemka.

Anayetoka nyumbani kwa nia ya kujiunga na wakimbiaji hulazimika kupita mbele ya karai la mikate. Wengi hawavuki hapo.

"Nitaanza Jumatatu", au kama tunavyosema hapa, nitaanza lundi, ni ahadi inayotolewa katika nyumba nyingi za Tshopo kila mwisho wa wiki, mara nyingi midomo ikiwa bado inang'aa mafuta. Hakuna anayeiamini, hata mwenye kuitoa. Nyumbani kwangu mtoto wetu wa miaka saba ameshaacha kumuuliza baba yake ataanza lini. Siku hizi anauliza, "Papa, lundi ya mwezi gani?"

Ugonjwa huu wa Jumatatu haukuzaliwa kwetu. Mwaka 2014 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis, walionyesha kwamba watu hutafuta habari za kupunguza uzito kwenye Google, na wanafunzi huenda zaidi kwenye ukumbi wa mazoezi, mwanzoni mwa wiki, mwezi na mwaka. Tarehe mpya humfanya mtu ajione kama mtu mpya, aliyemwacha yule mvivu nyuma katika wiki iliyopita.

Shida ni kwamba kalenda yetu ina tarehe mpya chache na karamu nyingi. Mwenye akili hawezi kuanza kabla ya Bonana, yaani Mwaka Mpya, wakati kuku wanachinjwa na watoto wanavalishwa nguo mpya. Baada ya Bonana kuna mabaki ya Bonana. Kisha inakuja ndoa ya binamu, ambako kukataa sahani ni kuanzisha kesi ya ukoo. Kisha matanga, ambako watu hukesha, na wanaokesha lazima wale. Septemba watoto wanarudi shule, na pesa iliyotengwa kwa viatu vya kukimbilia inageuka madaftari na sare.

Kunona ni habari njema

Tusidanganyane kwamba tatizo ni uvivu tu. Katika mji huu mtu akikuambia umenona, anakupongeza. Maana yake mambo yanakwenda, mke anapika vizuri, mshahara unafika. Mwanamume akikonda baada ya kuoa, familia yake huanza kumwangalia mke kwa jicho la maswali.

Na kuna sababu nzito zaidi. Walioishi Kisangani mwaka 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji kwa siku sita za mwezi wa Juni, wanajua kukonda ni nini. Kukonda kulikuwa njaa, na baadaye watu waliogopa kwamba kukonda ni dalili ya ugonjwa usiotajwa. Mzazi aliyepita huko akiona mwanawe mtu mzima anakataa sahani ya pili ili "apunguze tumbo", hasikii habari ya afya. Anasikia ajabu.

Ndiyo maana vitamu vya nyumbani kwetu haviwezi kuzungumzwa kama adui. Mikate ya asubuhi na chai. Makemba, ndizi zilizokaangwa hadi kingo zinakuwa nyeusi kidogo. Karanga na ndizi mbivu mchana. Liboke la samaki aliyefungwa kwenye majani na kuwekwa juu ya makaa. Mbinzo, wale viwavi wa msimu, ambao mgeni hukataa mara moja na kisha haachi tena. Na Jumapili lituma: ndizi za kupikwa, zilizochemshwa na kutwangwa kwenye kinu hadi zikawa donge laini, pamoja na sombe lililokolea mawese.

Mafuta yaliyosomewa Yangambi

Kuhusu mawese, mtaa huu una historia ambayo wengi wanaokaanga mikate hawaijui. Yangambi, kwenye ukingo wa kulia wa mto Kongo katika teritware ya Isangi, ndiko Wabelgiji walikoweka makao ya taasisi yao ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliyoundwa mwaka 1933. Leo inaitwa INERA.

Mwaka 1941, watafiti wawili wa huko, Beirnaert na Vanderweyen, walieleza siri ya mchikichi. Aina iitwayo dura ina kokwa lenye gamba nene. Aina ya pisifera haina gamba, lakini kwa kawaida haizai vizuri. Ukizipandisha pamoja unapata tenera, yenye gamba jembamba na nyama nyingi, na nyama ndiyo yenye mafuta. Karibu mashamba yote makubwa ya michikichi duniani leo, hadi Malaysia na Indonesia, hupandwa tenera.

Kwa hiyo mtu wa Isangi akilalamika kwamba dunia imejaa vyakula vya kukaangwa, aende taratibu. Sehemu ya kesi hiyo inaanzia kwake.

Mawese mekundu yana wema wake pia: rangi ile ni karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Lakini ni mafuta, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote kinabeba nguvu inayokaribia kalori 120. Wazee wetu walikula mawese mengi kuliko sisi na matumbo yao yalibaki mahali pake. Walikuwa na njia ya kuyatumia.

Mwili ulikuwa na kazi

Isangi iko pale mto Lomami unapoingia katika mto Kongo, zaidi ya kilomita 100 chini ya Kisangani. Walokele, watu wa mto, walijenga biashara yao kwa mtumbwi. Mpiga kasia wa huku husimama: miguu inashikilia mtumbwi, kiuno kinazunguka, mabega yanavuta. Hakuna aliyeita jambo hilo mazoezi. Lilikuwa kwenda sokoni. Sasa mwenye uwezo hupanda baleinière yenye injini na kukaa juu ya magunia akila karanga mpaka Kisangani.

Mjini nako palikuwa na toleka. Neno hilo ni la Kilingala, maana yake tupite, na ndilo jina tulilowapa madereva wa baiskeli waliobeba abiria kwenye kiti cha nyuma chenye mto wa sponji. Miaka ya vita, mafuta ya gari yalipokuwa adimu, mji mzima ulitembea juu ya misuli ya vijana hao. Baadaye pikipiki zilifika na kuwasukuma kando.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alitulea kwa pedali, kati ya Mangobo na soko kuu, jua na mvua, na bado nakumbuka miguu yake ilivyokuwa migumu kama mchi. Jioni alikula donge la lituma ambalo leo lingetosha watu watatu, akalala, asubuhi akaondoka tena.

Leo anakaa mbele ya nyumba kwenye kiti cha plastiki. Chakula ni kile kile. Baiskeli haipo. Mwaka juzi alianza kunywa maji mengi na kuamka usiku mara nne, mara tano, na sisi tukasema ni joto. Alipopimwa, sukari ilikuwa juu, na shinikizo la damu pia. Muuguzi akamwambia apunguze mafuta na atembee nusu saa kila siku. Jibu la baba lilizunguka ukoo mzima: "Mimi nimepiga pedali kwa ajili ya mji huu. Sasa mji unibebe."

Tulicheka sana. Halafu mama akaenda nyuma ya nyumba, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Hayuko peke yake. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda ya Afrika wanaishi na kisukari, na zaidi ya nusu yao, asilimia 54, hawajijui. Hao ndio wanaoniogopesha: wanaokunywa maji usiku na kusema ni joto.

Anayepika ndiye anayetoka jasho

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Takwimu zilizotolewa mwaka 2024 zinasema kwamba kufikia 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, karibu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho. Wanawake walihesabiwa kuwa nyuma zaidi: asilimia 34, dhidi ya 29 kwa wanaume.

Msomaji wa kike wa Isangi anaweza kutulia hapo kidogo. Nani anayetwanga lituma? Nani anayeenda shambani na kurudi na mzigo wa muhogo na kuni, mtoto mgongoni? Nani anayechota maji? Katika nyumba nyingi za Tshopo, anayetengeneza kitamu ameshamaliza dakika zake kabla sahani haijafika mezani. Anayekila ndiye anayesubiri Jumatatu.

Na mwongozo ule ule wa WHO unasema wazi kwamba kila mwendo unahesabika: wa kazi, wa safari, wa nyumbani. Hauhitaji viatu vya bei wala ukumbi wenye vioo. Wazee waliokuwepo enzi za Mobutu wanakumbuka salongo, siku ya watu wote kushika majembe na mafagio. Watu waliichukia kwa sababu ililazimishwa, na walikuwa na haki. Lakini hakuna aliyemaliza salongo bila kutoka jasho.

Majirani zetu wamejaribu njia zao. Kigali imekuwa ikifunga baadhi ya barabara kwa magari tangu mwaka 2016 ili watu watembee na kukimbia siku za Jumapili. Tanzania ilitangaza mwishoni mwa mwaka huo huo Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Zanzibar huanza mwaka kwa mazoezi ya pamoja tarehe 1 Januari, jambo ambalo mtu wa Kisangani, akiwa katikati ya Bonana, atalisoma mara mbili ili ahakikishe. Na Aprili 2020, wakati wa karantini ya korona, Rais Yoweri Museveni wa Uganda, akiwa na miaka 75, alijirekodi akifanya mazoezi ofisini bila viatu. Video hiyo ilifika kwenye simu za huku pia. Baba aliitazama hadi mwisho, akasema yule ana walinzi wa kumwinua akianguka.

Zamu ya kinu

Kwetu tumejaribu kitu kidogo, bila kusubiri tarehe. Mikate imebaki, lakini si kila asubuhi, na anayeitaka anaifuata kwa miguu yake, tena si kwa mama wa karibu bali kwa yule wa mwisho wa barabara. Samaki mara nyingi anaingia kwenye liboke badala ya kwenye mafuta. Mama anasema hata ladha ni bora, na nadhani hasemi hivyo ili kutufurahisha tu. Baba anatembea, kwa sababu mjukuu wake anamshika mkono na kumwambia wanaenda kuangalia mitumbwi. Ukimwambia ni mazoezi, anarudi kwenye kiti.

Lakini lililoleta kelele ni kinu. Tulikubaliana kwamba Jumapili lituma itatwangwa na wanaume. Mume wangu, mwalimu, mtu wa chaki na lundi, alishika mchi mara ya kwanza mbele ya watoto wote wa ua. Dakika ya tatu alivua shati. Dakika ya kumi aliuliza kama ndizi hizi ni za aina nyingine. Lituma ile ilikuwa na mabonge ya kutosha kuvunja jino, na mama akaila yote bila kusema neno, akimtazama tu.

Jumapili iliyofuata alisema bega linamuuma. Nilimwonyesha kinu, nikamwambia bega la mama linauma tangu mwaka 1985. Akatwanga. Mabonge yalipungua kidogo. Jirani yetu, ambaye wiki ya kwanza alisimama kwenye ua akicheka hadi akashika ukuta, safari hii aliitwa na mkewe kabla hajamaliza kucheka, na baada ya muda tukasikia mchi wa pili ukianza upande wa pili wa uzio, polepole, bila mpangilio.