Mandari mbugani: Ole wa nyani aliyeonja chapati yako

JUMAPILI moja ya likizo ya Agosti tulikwenda mandari katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Tulikuwa jamaa tisa, na tulibeba pilau, jiko la makaa na chapati 20. Kufikia saa saba mchana chapati zote zilikuwa zimekwisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amezionja.

Mwizi alikuwa nyani dume. Alishuka mtini bila haraka, akapita kati yetu kama mwenye nyumba, akafunua hotpoti na kuondoka na furushi zima. Shangazi alipomrushia mwiko, nyani aligeuka akamwonyesha meno tu. Watoto walicheka hadi wakatokwa na machozi. Askari wa wanyamapori aliyekuwa karibu hakucheka. Alitaka kujua ni nani kati yetu aliyemtupia ndizi mapema siku hiyo. Tukatazamana. Alikuwa mjomba wa watoto, tena mbele ya watoto wenyewe.

Wengi wetu hudhani kumtupia mnyama chakula ni ukarimu. Kumbe ndivyo anavyofundishwa kuwa mwizi. Nyani akishaonja chapati hujua kwamba kikapu kina shibe kuliko kuchimba mizizi mchana kutwa, na wenzake hujifunza kwa kumtazama. Woga wake kwa binadamu humwisha. Nyani dume huweza kufikia kilo 25 hivi, na ana chonge ndefu za kutisha. Siku akimrarua mtoto anayeng'ang'ania mkate wake, hatima yake mara nyingi huwa mtego au risasi. Basi iwapo amekwisha kushika chakula chako, mwachie. Usishindane naye, na umfunze mtoto hivyo kabla hamjatoka nyumbani.

Mbuga hii ilifunguliwa mwaka wa 1946, ikawa ya kwanza nchini. Ina ukubwa wa kilomita 117 mraba tu, na iko umbali wa kilomita saba hivi kutoka katikati ya jiji. Ua umezunguka pande tatu, upande wa kusini ukiachwa wazi kwa wanyama wanaokwenda na kurudi. Humo mna simba, nyati na vifaru, hivyo hakuna kushuka garini ila mahali palipotengwa. Na hapo palipotengwa ndipo wageni wote wa Jumapili hukutana, nao nyani na tumbili wanapajua vyema.

Kwa maoni yangu, dawa iko jikoni Jumamosi usiku. Pika nyumbani kila kinachoweza kupikwa nyumbani. Sambusa, viazi karai, kuku wa kukaanga na chapati husafiri vizuri. Githeri yenye mchuzi itakumwagikia garini kwenye barabara ya vumbi. Pilau itoke mekoni ikiwa ya moto kabisa, iingie kwenye hotpoti na isifunuliwefunuliwe njiani. Wali au nyama iliyopoa ikikaa kwenye buti la gari zaidi ya muda wa saa mbili, mtakaporudi mtagombania choo. Matunda yaoshwe na kukatwa nyumbani, kwani maganda ya ndizi na maembe ndiyo huita tumbili wa kwanza. Kachumbari ndiyo ningeikatia huko huko, maana ikilala huwa maji matupu.

Chakula kikae garini, vioo vikiwa vimefungwa, mpaka kila mtu ameketi. Pakueni, mle, mfunike, mrudishe. Mtu mzima mmoja asimame akilinda. Sisi tulitandika leso, tukapanga kila kitu juu yake kama duka, kisha tukaenda kupiga picha.

Wapo watakaosema mandari bila nyama choma si mandari. Sawa, lakini uliza langoni kwanza. Moto hauwashwi ila pale askari wameruhusu, na usijaribu kuwaficha, moshi utakuchongea. Nyama ikatwe na kukolezwa chumvi, ndimu na tangawizi nyumbani, kisha isafiri katika chombo chenye kifuniko ndani ya kasha la barafu, mbali na kachumbari. Jiko liwekwe juu ya udongo mtupu. Januari na Februari, na tena kuanzia Julai hadi Septemba, nyasi huwa kavu, na cheche moja ikipata upepo haikungoji umalize kugeuza ubavu. Weka ndoo ya maji karibu kabla hujawasha kiberiti. Ukimaliza, mwagia makaa maji, koroga majivu, mwagia tena, na usiondoke mpaka yamepoa kabisa. Mifupa na majivu mrudi nayo mjini katika debe lenye kifuniko.

Vyombo navyo vichague mapema. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, na tangu Juni 2020 hairuhusiwi kuingia mbugani na plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji, sahani, vijiko na mirija. Beba vikombe vya bati na mtungi wa maji. Kiingilio nacho hulipwa kwa eCitizen, si pesa taslimu, hivyo lipa ukiwa nyumbani. Wakati wa likizo wengine hukumbuka jambo hili wakiwa langoni, na foleni nzima huwangoja.

Ukiwa na watoto wa shule, pumzikeni mahali zilipochomwa pembe za ndovu, si mbali na lango kuu. Hapo Rais Moi alichoma tani 12 Julai 1989, naye Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105 mwezi Aprili 2016. Mwanangu aliuliza maswali mengi hapo kuliko alipomwona simba.

Siku ile tulikula pilau kwa kijiko, tukiwa ndani ya gari, vioo vikiwa juu na jasho likitutiririka. Nyani alikuwa ameketi juu ya boneti, akitutazama. Mjomba aliyetupa ndizi ndiye aliyekaa kiti cha mbele.