Udongo, Chumvi na Nyumba ya Mtu wa Kipato Kidogo

Chakula, mavazi na malazi ni mahitaji makuu ya binadamu. Kati ya hayo, nyumba ndiyo inayomlemea zaidi mtu wa kipato kidogo, kwani haipatikani kwa kazi ya msimu mmoja. Nchini Tanzania upungufu wa nyumba umekuwa ukikadiriwa kufikia milioni 3, na kuongezeka kwa 200,000 hivi kila mwaka. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Benki ya Nyumba Tanzania ilianzishwa mwaka 1973, ikafungwa mwaka 1995. Hata hivyo, wananchi walio wengi, hasa vijijini, hujijengea wenyewe kidogo kidogo, kwa fedha iliyo mkononi. Kwa hiyo swali la kwanza ni la vifaa: ukuta ujengwe kwa kitu gani?

Tuchukue mfano wa Ivuna, katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, ndani ya bonde la Ziwa Rukwa. Saruji na bati hufika huko baada ya safari ndefu, na kila kilomita huongeza bei. Matofali ya kuchoma huhitaji kuni nyingi. Udongo tu ndio ulio karibu. Lakini ukuta wa udongo ukianza kumomonyoka, mwenye nyumba hulazimika kuujenga upya, na mtu maskini hulipia nyumba moja mara mbili au tatu.

Kwa nini ukuta humomonyoka?

Udongo una mchanga, vumbi laini na mfinyanzi. Mfinyanzi ndio gundi inayoshikanisha chembe nyingine. Ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa. Ndiyo maana ukuta wenye mfinyanzi mwingi hupasuka, na wenye mfinyanzi kidogo huporomoka.

Adui wa pili hutoka chini. Maji ya ardhini hupanda ndani ya vitundu vidogo vya ukuta, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Yakifika usoni mwa ukuta, hukauka. Ikiwa maji hayo yana chumvi, maji huondoka na chumvi hubaki. Fuwele zake hukua ndani ya vitundu na kuzisukuma chembe za udongo mpaka ziachane. Ukuta huliwa kuanzia chini.

Jambo hili watu wa Ivuna wanalo mbele ya macho yao. Mahali hapo panajulikana kwa chemchemi za chumvi, na uchimbuzi wa mambo ya kale uliofanywa katika miaka ya 1960 ulionyesha kuwa chumvi ilitengenezwa huko tangu karne nyingi zilizopita. Udongo wenye chumvi huchujwa kwa maji, kisha maji huchemshwa hadi chumvi ibaki. Ukuta uliojengwa juu ya ardhi ya chumvi hufanya kazi ile ile, ila jua ndilo linalochukua nafasi ya moto.

Njia ya kuuimarisha

Mwaka 1971 serikali ilianzisha kitengo cha utafiti wa majengo, ambacho mwaka 2001 kilifanywa kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Wakala huo umeeneza matofali ya udongo yanayofungamana, yaliyochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Kushindilia hupunguza vitundu; saruji huzishika chembe zisiachane zikilowa.

Hesabu yake ni rahisi. Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 lina uzito wa kilo 8 hivi. Saruji ikiwa asilimia 6, kila tofali huchukua karibu nusu kilo. Mfuko wa kilo 50 waweza kutoa matofali yapatayo 100, au pungufu kwa kadiri ya aina ya udongo. Matofali hayachomwi; hufunikwa na kumwagiwa maji kwa siku kadhaa ili saruji ikomae. Kwa kuwa yanafungamana, hayahitaji lipu nyingi ya kuyaunganisha.

Lakini tofali jema halitoshi. Msingi wa mawe uinuke juu ya ardhi, plastiki nzito itandazwe juu yake kabla ya tofali la kwanza, na upenu wa paa uwe mpana. Mashine nayo ni ghali kwa kaya moja. Kijiji, shule au chama cha ushirika chaweza kuimiliki kwa pamoja.

Jaribio la darasani

Jaza udongo theluthi ya chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, uache hadi kesho. Mchanga utakuwa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Pima kila tabaka. Kisha chuja maji katika udongo mwingine wa mahali pale pale, uyakaushe juani katika sahani. Ukiona ukoko mweupe, inaelekea udongo huo una chumvi: utafutwe mwingine kabla ya tofali la kwanza kufyatuliwa.